Niliyechemsha Sindano

Msiniulize tarehe. Mimi nilichemsha sindano.
Zahanati ya Keko, chumba kimoja na baraza la mabati,
stovu ya kupampu, sufuria yenye kovu ubavuni,
na saa ya ukutani iliyokufa saa nne na robo.
Tuliiacha hivyo hivyo, maana Daktari alisema
mgonjwa akiona saa imesimama, haoni foleni.

Daktari Yonazi Kadeghe, mtu wa Usangi,
miguu mirefu, maneno mafupi.
Mwandiko wake kama kuku wamepita kwenye unga;
niliusoma mimi, na mwenye duka la dawa Kariakoo, basi.
Hasemi na mgonjwa mpaka amsikilize:
anaweka chombo kifuani, anafumba jicho moja,
midomo inahesabu,
nasi sote barazani tunameza kikohozi.

Mtoto wa Mwanahawa aliletwa Januari, anahara.
Akapona. Akaletwa Machi. Akapona.
Mei aliletwa amefunikwa kanga hadi usoni.
Daktari hakuandika kitu. Alishuka bondeni,
kwenye kisima tulichochota sote, chini ya vyoo,
akajaza chupa ya dawa, akaiweka mezani.
Ilikaa pale wiki nzima, ikibadilika rangi.
"Siwatu," akasema, "mimi nadeki sakafu,
na paa linavuja."

Mwaka ule wa uchaguzi alipewa Nyumba, mwenzake Jembe.
Hotuba hakuijua. Alipanda jukwaani,
akasema "ndugu wananchi," akanyamaza,
tukaona aibu kwa niaba yake.
Kisha akaitoa ile chupa mfukoni, akainyanyua juani.
Basi. Wanawake ndio waliompa kura.
Siku ya kwanza kwenda Karimjee
viatu vyake nilivipiga brashi mimi.

Halafu faili la kisima likaanza safari.
Likalala Ardhi, likaamkia Maji, likapotelea Hazina,
likarudi na mihuri mingi kuliko mwili wenye surua.
Naye akajifunza. Afadhali asingejifunza.
Alijifunza kusema "suala hilo linashughulikiwa,"
alijifunza kushika mkono wa mtu bila kupima joto lake.
Akija kwetu, dereva hazimi gari.
Bibi mmoja alimwambia, "Daktari, kifua,"
akajibiwa hotuba. Nzuri kweli.
Bibi akapiga makofi, akakohoa.

Nisimwonee. Bomba lilikuja, mwaka wa nne:
bomba moja, utepe, mkasi, watoto wa shule juani.
Yalitoka maji mekundu ya kutu, kisha meupe.
Yakawa yanatoka Jumatatu na Ijumaa.
Daftari langu la wanaohara likapungua kurasa,
lakini nani huandika jina la mtoto ambaye hakuugua?
Nani humpigia kura mtu kwa msiba usiotokea?

Uchaguzi uliofuata alipewa Jembe.
Nyumba ikashinda, kura mia tatu na kitu.
Jumatatu akarudi zahanati kwa miguu,
koti jeupe limembana tumboni.
Mganga hajigangi, wakanong'ona kwenye foleni.
Mgonjwa wa kwanza alianza kueleza, akamkatiza.
Wa pili, akamkatiza.
Wa tatu alichukua mtoto wake, akaondoka.
Masikio yalikuwa yamezoea makofi.

Jioni nikazima stovu, nikafunga mlango,
nikakaa kiti cha wagonjwa, nikamnyooshea mkono.
"Unaumwa nini, Siwatu?"
"Hesabu," nikamwambia.
Vidole vyake vilikuwa laini kama vya karani.
Vikatafuta. Vikaukosa mshipa. Vikatafuta tena.
Kisha jicho moja likafumba, midomo ikaanza,
na nje, kwa kuwa ni Jumatatu,
ndoo zikawa zinagombana bombani.
Alifika arobaini na moja, hesabu ikampotea,
akaanza upya:
moja.